Acheni Tucheke Kidogo

Nina neno na sitalimeza. Mbona kicheko kinageuka kosa mara tu mtihani unapokaribia?

Muhula uliopita, asubuhi ya karatasi ya Hesabu, tulipiga foleni nje ya ukumbi. Mikono imelowa jasho, matumbo yanasokota. Mwenzetu mmoja akanong'ona kwamba akianguka, punda wa kwao huko Wote atashukuru kupata msaidizi wa kubeba maji. Jamani, tulicheka hadi machozi! Tukapigishwa magoti. Lakini niliposhika kalamu, mkono haukutetemeka tena.

Biolojia inaeleza. Hofu humwaga adrenalini katika damu, moyo ukaenda mbio kana kwamba umeona simba. Lakini kuna neva iitwayo vagasi, ishukayo kutoka ubongoni hadi moyoni na tumboni, ambayo huupunguzia moyo kasi, hasa mtu anapotoa pumzi. Na kucheka ni nini kama si kutoa pumzi tena na tena? Wakati wa kucheka kwenyewe moyo huchapuka. Utulivu huja baadaye, misuli ikisha kulegea.

Nyanya yangu wa Kitui hajasoma habari za neva. Yeye husimulia njaa ya miaka ya 1980, pesa ipo, chakula hakuna. Wakamba waliiita Nikw'a Ngwete, yaani "nafa nimeshika". Noti mkononi! Ni watu gani huibatiza njaa kwa mzaha, kama si wale wanaojua mzaha hushikilia roho? Hata leo, wakichimbua maji kwenye mchanga wa Mto Tiva, foleni ya mitungi haiendi bila utani.

Sitaficha upande wa pili. Mwaka 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha, karibu na Bukoba, wasichana watatu walianza kucheka mwezi Januari. Wakaambukizana hadi 95 kati ya 159, na Machi shule ikafungwa. Walicheka na kulia, wala haikuwa raha. Wachunguzi hawakuona sumu wala viini; wengi sasa wanasema ni akili zilizolemewa na mashaka. Kicheko cha namna hiyo ni kengele. Na kumcheka aliyeanguka? Huko ni kumwongezea simba mwingine.

Mimi naomba dakika tano tu. Kabla hatujaingia ukumbini kwa KCSE, mwalimu wa zamu atuachie tutaniane. Yule mwenzetu wa Wote anasema bado ana visa vya punda.