Sadaka si Malipo ya Deni

Mwaka 2022 serikali ya mji wa Chicago, huko Marekani, ilianza kuwapa watu wa nyumba 5,000 zenye kipato kidogo dola 500 kila mwezi kwa muda wa mwaka mmoja, bila ya kuwauliza wanazitumiaje. Walioomba walizidi 176,000. Ikapigwa kura, wachache wakapata, na wengine wakabaki na shida zao.

Basi wakatokea watu wakipiga kelele kuwa pesa za bure zitawafanya maskini wawe wavivu. Maneno haya hayatoki ila katika kinywa cha mtu aliyeshiba. Nani aliyewaambia kuwa ni za bure?

Hebu tutazame yaliyopita. Katika miaka ya 1930 watu wa serikali ya Marekani walichora ramani za miji, na mitaa waliyokaa watu weusi wakaipaka rangi nyekundu, maana yake, hapa kukopesha ni hatari. Benki zikafunga milango. Mtu mweusi wa Chicago akitaka nyumba, hana budi kumwendea dalali, ambaye ameinunua rahisi kwa Mzungu anayehama, naye humwuzia mara nyingi kwa karibu mara mbili ya thamani yake, kwa mkataba. Na mkataba wenyewe ni ajabu! Hati ya nyumba haipati mpaka alipe senti ya mwisho. Akikosa kulipa mwezi mmoja tu, huweza kutolewa nje na watoto wake, yote aliyokwisha kulipa yakapotea, na nyumba ikauzwa kwa mwingine kwa mkataba ule ule. Wataalamu waliofanya hesabu mwaka 2019 walikisia kuwa katika miaka ya 1950 na 1960 watu weusi wa Chicago walipokonywa kwa njia hii baina ya dola bilioni 3 na bilioni 4.

Huyu basi hakuzaliwa fakiri, amefakirishwa.

Sisemi dola 500 zikataliwe. Mwenye njaa alishwe kwanza. Lakini ukimnyang'anya mtu ng'ombe wake, kisha ukawapelekea wajukuu wake kikombe cha maziwa, tena kwa bahati nasibu, je, umelipa?

Mji wa Evanston, jirani yake, ulithubutu zaidi. Mwaka 2021 ulipitisha kuwapa hadi dola 25,000 za makazi watu weusi waliokaa pale baina ya 1919 na 1969, au wazao wao, na ukatamka wazi kuwa hiyo ni fidia. (Fedha za kuanzia zilitoka katika kodi ya bangi, hilo lina siku yake.) Kiasi ni kidogo, lakini deni limeitwa deni. Chicago nayo ramani zake zipo, na hesabu yake imekwisha kufanywa. Kwa nini basi ilipiga kura?