Swali Moja kwa Balozi

Mkubwa anapohojiwa kuhusu siasa za nchi za nje, mara nyingi mwandishi hugeuka karani wa kuandika imla. Sivyo alivyofanya Lesley Stahl wa televisheni ya CBS, Mei 1996. Alimwuliza Madeleine Albright, balozi wa Marekani katika Umoja wa Mataifa, juu ya vikwazo dhidi ya Iraki: yasemekana watoto nusu milioni wamekufa, je, gharama hiyo yastahili? Balozi akajibu kwamba uamuzi ni mgumu, lakini yastahili. Takwimu ile baadaye ilipingwa na watafiti. Yeye, mwenye wataalamu tele nyuma yake, hakuipinga. Mwaka 2003 aliandika kwamba alijutia jibu lake. Vikwazo vilikuwa vimedumu hadi Mei mwaka huohuo.