Tupime Kwanza Kabla ya Kuongeza Malipo



Mwezi huu twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo, nalo ni malipo ya intaneti majumbani. Tusilidharau. Gharama ya mara moja mtu huiona na kuikumbuka, lakini ile irudiayo kila mwezi hutoboa mfuko kidogo kidogo, wala mwenyewe hasikii.

Sisi wenyewe tulipatwa na jambo hili. Watoto wetu walikuwa wakilalamika kila jioni kwamba masomo yao hayafunguki. Tukaongeza malipo, tukatoka megabiti 10 kwa sekunde tukaenda 20. Mwezi ukapita, malalamiko yakawa ni yale yale. Tukaazimia kwenda 40, na fedha zenyewe tungezitoa katika akiba tuliyomwekea binti yetu kwa ada ya muhula. Ndipo kijana wetu mmoja alipouliza kwa adabu, "Baba, kwani tumepima?" Tukaona haya, maana hatukuwa tumepima hata siku moja.

Basi tukavizima vyombo vyote vinavyotumia intaneti, tukaiunganisha kompyuta moja na ruta kwa waya, tukapima. Tukapata 19. Kisha tukaenda katika chumba cha nyuma, ambamo watoto husomea, tukapima kwa waifai. Tukapata 3. Kumbe kampuni ilikuwa ikituletea haki yetu karibu yote, na sisi ndio tuliokuwa tukiipoteza baina ya sebule na chumba. Ruta ilikuwa sakafuni, nyuma ya kabati la chuma, na kuta mbili za mawe zikiitenga na chumba kile. Tukaihamishia ukumbini, juu ya rafu, mahali palipo wazi. Chumba cha nyuma kikapata 14. Ada ya binti ikasalimika.

Twaeleza haya ili ifahamike kwamba intaneti hupita njia tatu kabla ya kufika mkononi mwa mtumiaji. Njia ya kwanza ni ile ya mbali. Hapo zamani pwani yetu ya Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti zilizoko angani, umbali upatao kilomita 36,000, na habari ilichelewa kwa kupanda na kushuka. Mwaka 2009 nyaya za SEACOM na TEAMS zilitua Mombasa kwa njia ya bahari, na mwaka 2010 ukafuata waya wa EASSy. Njia hii ikikatika hapana afanyaye lolote nyumbani kwake, kama ilivyotokea tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika na nchi nyingi za Afrika Mashariki zikaona uzito wa mtandao. Njia ya pili ni ile itokayo kwa kampuni mpaka mlangoni. Ya tatu ni kutoka kwenye ruta mpaka kwenye simu au kompyuta, na hii ya tatu i mikononi mwetu.

Waifai ni mawimbi ya redio. Aghalabu ruta za siku hizi hutoa mawimbi ya namna mbili: ya gigahezi 2.4, ambayo hufika mbali zaidi na hupenya ukuta kwa nafuu, na ya gigahezi 5, ambayo yana mwendo mkubwa lakini hudhoofika upesi yakutanapo na kizuizi. Nyumba zetu za kale za Lamu, Mombasa na Mji Mkongwe wa Unguja zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene sana. Kuta hizo ni neema wakati wa joto, lakini kwa mawimbi haya ni boma. Kwa hiyo ruta na iwekwe katikati ya nyumba, juu, mbali na friji, kabati la chuma na jiko la maikrowevu, kwani jiko hilo hutumia mawimbi yaliyo karibu na yale ya 2.4. Chumba kilicho mbali mno, waya mmoja wa mtandao utakifaa kuliko kuongeza malipo ya kila mwezi.

Tena yafaa tujue tunachouziwa. Mwendo huuzwa kwa megabiti, bali ukubwa wa faili huandikwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Aliyenunua megabiti 20 kwa sekunde hupata megabaiti 2 na nusu. Faili ya megabaiti 300 itamchukua dakika mbili. Asidhani amepunjwa. Na mahitaji yenyewe si makubwa kama tudhaniavyo. Netflix, kampuni ya Marekani ipelekayo filamu majumbani, huwaambia wateja wake kuwa megabiti 5 zatosha kwa picha safi ya namna ya 1080. Basi watu watatu wakitazama kwa wakati mmoja, 15 zawatosha. Kwa nini mwenye nyumba ya watu wanne alipie 100?

Lakini ikiwa kipimo cha waya chenyewe ni kidogo, hapo dai lipo. Pimeni baada ya sala ya Alfajiri na tena baada ya Isha, kwa siku saba, mkaandike siku, saa na kipimo. Asubuhi ikiwa njema na usiku ikiwa mbaya, huenda ni msongamano wa watumiaji. Someni mkataba, mlitazame neno "mpaka", kwani "mpaka 20" si ahadi ya 20. Kisha iendeeni kampuni kwa lugha njema na karatasi mkononi. Isiposikia, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania na ile ya Kenya hupokea malalamiko ya wateja.

Na televisheni je? Nyumba nyingi hulipia intaneti na dishi pamoja. Andikeni kwa mwezi mmoja ni stesheni zipi hasa zilizotazamwa. Ikiwa katika stesheni nyingi mlizolipia mmetazama tatu, na taarifa ya habari na darsa mnazozipenda zapatikana bure kwa antena au kwa intaneti mliyokwisha kuilipia, basi malipo ya dishi ni fedha iliyotupwa, na israfu ni israfu hata ikiwa ya kidogo kidogo. Lakini msikate kabla ya kushauriana na wazee wa nyumba, maana huenda bibi hana furaha nyingine jioni ila kipindi chake.

Enyi vijana, ninyi ndio mjuao mambo haya kuliko sisi. Wabadilishieni wazazi wenu neno la siri lililokuja na ruta, mchague lililo refu, na ulinzi uwe wa WPA2 au WPA3, wasije wageni msiowajua wakala fungu la nyumba. Na nyinyi nanyi msiingie katika mtandao wa jirani kwa neno la siri mliloliokota. Mtandao ule una mwenyewe anayeulipia, na haki ya jirani haipungui kwa kuwa kitu chenyewe hakionekani kwa macho. Ombeni, mkipewa shukuruni.

Basi kabla ya kuongeza shilingi moja, pimeni. Kazi hiyo haizidi nusu saa, na huenda ikaiokoa ada ya mtoto kama ilivyotuokolea yetu.

Wabillahi tawfiq.