BAHARI NAYO YATAKA DAFTARI

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huo kwa kawaida huelekezwa kwa wenye maduka na watunza hazina. Lakini maisha ya mwanamichezo mmoja wa Brazil, Maya Gabeira, yanadhihirisha kuwa hata wimbi moja la bahari huweza kupotea lisipoandikwa. Na ikiwa wimbi moja huweza kupotea, basi bahari nzima nayo huweza kupotea hivyo hivyo. Kisa chake kinastahili kutazamwa kwa makini na kila mtumishi wa umma na kila mwalimu, hasa walioko katika nchi zenye pwani.

Gabeira alizaliwa Rio de Janeiro mwaka 1987. Baba yake, Fernando Gabeira, ni mwandishi wa habari aliyeishi uhamishoni katika miaka ya utawala wa kijeshi nchini Brazil. Baada ya kurejea nyumbani alikuwa miongoni mwa waasisi wa Chama cha Kijani cha nchi hiyo mwaka 1986. Kwa hiyo suala la kuhifadhi mazingira halikuwa geni katika ukoo huo. Hata hivyo, binti hakuingia baharini kwa mlango wa siasa, bali kwa mlango wa michezo. Akiwa msichana mwenye ugonjwa wa pumu, alijifunza kusimama juu ya ubao na kuteleza na mawimbi. Kabla hajatimiza miaka 20 alikuwa amekwisha kuondoka kwao na kuhamia Hawaii, ambako alifanya kazi ya kuhudumia wateja mezani ili apate riziki huku akijifunza kuyakabili mawimbi makubwa.

Kuanzia mwaka 2007 alitwaa tuzo ya mwanamke bora wa mawimbi makubwa duniani, akairudia kwa miaka iliyofuata. Mwaka 2009, mahali paitwapo Dungeons karibu na Cape Town, Afrika Kusini, aliteleza juu ya wimbi lililokadiriwa kufikia mita 14. Wakati huo hapakuwa na mwanamke mwingine aliyejulikana kufika kimo hicho.

Lakini jina lake limefungamana zaidi na Nazaré, mji wa wavuvi katika pwani ya Ureno. Mbele ya mji huo, chini ya bahari, kuna bonde lenye urefu wa zaidi ya kilomita 200, na katika sehemu zake za mwisho kina chake hukaribia mita 5,000. Mawimbi yatokayo katikati ya Atlantiki hupita juu ya bonde hilo bila kupunguzwa kasi, kisha hukutana karibu na ufuko na mawimbi mengine yaliyopita katika maji haba. Yanapoungana huinuka ghafla, yakawa kama kilima kinachotembea. Kasi yake ni kubwa mno kiasi kwamba mtu hawezi kuyawahi kwa kupiga makasia ya mikono. Hana budi kuvutwa kwa kamba na pikipiki ya majini.

Hapo ndipo tarehe 28 Oktoba 2013 Gabeira alipokaribia kufa. Alianguka kutoka katika wimbi kubwa, mfupa wa mguu ukavunjika, na mawimbi yaliyofuata yakamfunika moja baada ya jingine hata akapoteza fahamu. Mwenzake, Carlos Burle, alimfikisha ufukweni, na huko alisukumwa kifua mpaka pumzi zikarejea. Baada ya ajali hiyo alipatwa na maumivu ya mgongo yaliyohitaji upasuaji zaidi ya mara moja. Baadhi ya wafadhili walimwacha. Mmoja wa wakongwe wa mchezo huo alitamka hadharani kwamba mwanamke huyo hakuwa na ujuzi wa kuwa katika bahari ya namna ile. Wengi waliamini kuwa safari yake ilikuwa imekwisha.

Haikwisha. Alirudi Nazaré, akafanya makao yake huko, akajifunza upya hatua kwa hatua. Tarehe 18 Januari 2018 aliteleza juu ya wimbi lenye kimo cha mita 20.72. Hapo ndipo jambo lenye funzo kubwa kwa watumishi wa ofisi lilipojitokeza. Wimbi lilionekana na picha zilikuwepo, lakini rekodi haikuwepo. Katika vitabu vya kumbukumbu hapakuwa na safu ya wanawake waliokabili mawimbi makubwa, na waliokuwa na wajibu wa kupima walichelewa kufanya hivyo. Gabeira hakunung'unika pembeni. Aliandika ombi la hadharani, maelfu ya watu wakatia saini, na mnamo Oktoba 2018 Guinness wakaliandika wimbi lile kuwa rekodi ya dunia ya wanawake. Tarehe 11 Februari 2020, mahali pale pale, alivunja rekodi yake mwenyewe kwa wimbi la mita 22.4. Safari hii wanasayansi waliitwa kulipima. Ilipothibitishwa, ilidhihirika kuwa lilikuwa wimbi kubwa kuliko yote yaliyopimwa msimu ule, ya wanaume na ya wanawake.

Ni dhahiri kwamba mwaka 2018 ujasiri haukupungua. Kilichopungua ni daftari. Mwanamke aliyekwisha kulishinda wimbi ilimpasa kulishinda na kabati la faili pia. Wanaokaa mezani wasidhani kuwa kazi yao ni ndogo. Kalamu isipotimiza wajibu wake, kilichotendwa kwa jasho, na hata kwa hatari ya kufa, huwa kama hakikutendwa.

Baada ya kupata sifa hizo, Gabeira angeweza kuzitumia kwa kujinufaisha peke yake, kama wafanyavyo wanamichezo wengi. Badala yake ameziweka katika utumishi wa bahari. Ameingia katika bodi ya Oceana, shirika la kimataifa ambalo shabaha yake ni kuzishawishi serikali zitunge sheria dhidi ya uvuvi wa kupindukia na dhidi ya taka za plastiki. Mwaka 2022 UNESCO ilimteua kuwa mtetezi wa bahari na vijana. Mwaka huo huo alitoa kitabu cha watoto kuhusu msichana mwenye pumu na wimbi la kutisha, kwa kuwa ametambua kuwa mtoto aliyejifunza kuipenda bahari hahitaji kulazimishwa kuilinda atakapokuwa mtu mzima.

Wapo watakaosema kuwa kuteleza juu ya mawimbi ni mchezo wa wenye nafasi, na kwamba pikipiki za majini na safari za ndege za wanamichezo hao nazo huchafua hewa. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Sifa za mwanamichezo hazifuti moshi. Lakini hoja hiyo haimwondolei mtu mwingine yeyote wajibu wake. Mwenye kushinda baharini siku nzima huona mambo ambayo mkaguzi huyafikia miezi mingi baadaye: chupa na nyavu zilizotupwa zikielea, samaki kupungua, ufuko kuliwa na maji. Huyo ni shahidi. Kazi ya shahidi ni kusema alichokiona. Kazi ya kuamua na kutekeleza ni ya wenye dhamana.

Na yaliyopo ya kuamuliwa ni makubwa. Bahari imemeza zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada lililosababishwa na hewa ya ukaa na gesi nyingine za namna hiyo, na hufyonza karibu robo ya hewa ya ukaa inayotolewa na viwanda, magari na moto wa misitu. Matokeo yake ni kwamba maji yanazidi kupata joto na uchachu, na matumbawe yanapauka na kufa. Ama kuhusu plastiki, mataifa yalikutana Nairobi Machi 2022 na kuafikiana kuanza kuandaa mkataba wa kuyabana mataifa yote. Mkataba huo ulikusudiwa ukamilike mwisho wa mwaka 2024. Kikao cha Busan cha mwaka huo kiliahirishwa, na kile cha Geneva cha Agosti 2025 kilivunjika bila makubaliano, hasa kwa sababu nchi zitengenezazo mafuta na plastiki hazikutaka uzalishaji wenyewe upunguzwe. Wakati wajumbe wakibishana juu ya maneno, taka hazikusimama kuwasubiri.

Afrika ya Mashariki si mtazamaji katika jambo hili. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, na Tanzania Bara ikafuata Juni 2019. Huko Lamu mafundi walijenga jahazi kwa plastiki iliyookotwa na kulifunika kwa vipande vya ndala zilizotupwa. Mwaka 2019 lilisafiri hadi Zanzibar, likawapa watu wa pwani somo ambalo hotuba nyingi zisingeweza kulitoa. Mambo hayo yanaonyesha kuwa watu wa nchi zisizo tajiri hawangoji kufundishwa thamani ya bahari yao.

Lakini marufuku peke yake si kinga. Uvuvi wa baruti ulikatazwa kisheria Tanzania tangu mwaka 1970, na bado kwa miongo kadhaa milipuko ilisikika katika pwani, ikivunja kwa dakika moja matumbawe yaliyochukua mamia ya miaka kukua. Sheria ilikuwepo; utekelezaji ndio uliokosekana. Milipuko ilipungua sana pale tu vyombo mbalimbali vya serikali vilipoanza kushirikiana, kupashana habari na kuwafuatilia wauzaji wa baruti, badala ya kumngoja mvuvi akiwa tayari ameitupa majini.

Hivyo basi, funzo la Nazaré linawahusu wasiowahi kukanyaga ubao. Ofisa wa uvuvi anayepokea takwimu za samaki waliovuliwa na kuziacha zioze kabatini, anafanya kosa lile lile la wale waliochelewa kupima wimbi. Mkaguzi anayefumbia macho bohari la mifuko iliyokatazwa anaifuta sheria pasipo Bunge kuketi. Na mwalimu wa shule ya pwani anayefundisha jiografia ya mito ya mbali, ilhali wanafunzi wake hawajapelekwa ufukweni kuhesabu taka na kutambua matumbawe, amelifunga darasa lililo wazi kuliko yote.

Hapana anayewataka watumishi na walimu wapambane na mawimbi ya mita 20. Wanachotakiwa ni kidogo zaidi na ni kigumu zaidi: kupima kwa uaminifu, kuandika kwa wakati, kutekeleza bila upendeleo na kufundisha kwa vitendo. Maya Gabeira alilipia ushahidi wake kwa mfupa wa mguu na nusura kwa uhai. Wenye kalamu na chaki hawadaiwi bei hiyo. Wanadaiwa wajibu wao tu, nao hauna sababu ya kucheleweshwa.