Mfadhili Akiondoka, Jukwaa Lisifungwe

Ndugu zangu wa Tanga, Muheza na Pangani, nina neno nanyi juu ya michezo ya kuigiza.

Kundi la sanaa likikosa fedha, kwetu jambo la kwanza ni kunyamaza. Hata wakubwa hupatwa: tamasha la Sauti za Busara la Zanzibar, lenye jina ulimwenguni, halikufanyika mwaka 2016 kwa sababu fedha hazikutosha. Mfuko wa Utamaduni, ulioanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa msaada wa Sweden, ulikaa kimya miaka mingi. Sasa umefufuliwa, na unawakopesha wasanii. Ni jambo jema kwa mwenye wimbo au filamu ya kuuza. Lakini vijana wa Makorora wanaotaka kuigiza bila kiingilio watalipa deni kwa kitu gani?

Nashauri hivi: tusome tamthilia hadharani, bure. Wasomaji watano, viti vitano, vitabu mikononi, na watu wa kusikiliza. Hapana mavazi ya kushonesha wala taa za kukodi. Msomaji halazimiki kuhifadhi maneno. Alazimika kuyaelewa kabla hajasimama, na kuifikisha sauti yake kwa aliyekaa nyuma kabisa.

Asiseme mtu kuwa jambo hili ni geni. Marehemu Mathias Mnyampala na wenzake wa UKUTA, chama cha washairi, walitupa ngonjera, watu wakijibizana kwa mashairi mbele ya hadhira, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 zilisikika katika shule nyingi za nchi hii. Na pwani yetu imelelewa na tenzi: mmoja husoma, nyumba nzima ikasikiliza.

Cha kusoma kipo. Tuanze na mwana wa Tanga, Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909. Kusadikika si tamthilia, nakubali, lakini kitabu chote ni kesi. Karama ameshtakiwa kwa kufundisha uanasheria. Waziri Majivuno anamwandama mbele ya mfalme. Naye anajitetea kwa visa vya wajumbe sita waliotumwa nchi za mbali, wakarudi na mambo ya manufaa, wakatiwa kifungoni. Wajumbe sita, jioni sita. Mpeni Majivuno mzee mwenye sauti nzito, Karama apewe kijana, muone kama kuna mtu atakayeondoka kabla ya hukumu!

Kisha iko Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969, na ziko za Penina Muhando, kama Hatia. Wengi wetu tulivisoma vitabu hivi kimyakimya, tukiwinda dhamira na wahusika kwa ajili ya mtihani, hali tamthilia huandikwa ili isikiwe. Mwanafunzi atakayesikia watu wakibishana juu ya maji ya Kinjeketile, huku babu yake amekaa kando yake, atauelewa mchezo kuliko kwa muhtasari wowote wa kununua.

Wenzetu wa Kamiriithu, huko Limuru, Kenya, walifanya makubwa zaidi. Mwaka 1977 wakulima na wafanyakazi walijijengea jukwaa la wazi kwa mikono yao, wakaigiza mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii. Serikali iliufuta mchezo ule, na mwaka 1982 jukwaa likabomolewa. Haliogopwi hivyo jambo lisilo na nguvu.

Nawaonya pia wenye mamlaka: bure hii isiwe kisingizio. Halmashauri isidhani imesamehewa wajibu wake kwa wasanii. Msomaji naye ana nauli na ana tumbo. Wenye maduka ya Ngamiani wanaweza kuchangia hayo bila kuumia. Na waandishi, au warithi wao, waombwe ruhusa kwanza, na vitabu vinunuliwe, visirudufiwe kwa wizi.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa shule na wenzetu wa maktaba ya mkoa: mna kumbi ambazo jioni hazina mtu. Tupeni funguo Jumamosi moja kila mwezi. Nanyi walimu wa Kiswahili, chagueni wasomaji wenu sasa, kabla muhula haujaisha.