Mafuta yamekuwa laini? Uliza springi ya pili iko wapi!

Haya wazee, leo tuache mambo ya rimu na muziki mnene. Nataka niongee na nyie wenye magari ya kebo: Corolla za miaka ya tisini, Mark II za enzi hizo na ndugu zao wote ambao mguu wa dereva umeungwa na injini kwa waya, siyo kwa kompyuta. Mada yenyewe ni springi ya kurudisha throto. Usicheke. Kidude hicho kinaingia kwenye kiganja, lakini kikikosekana unaweza kuingia na gari kwenye sebule ya mtu.

Kuna sifa moja ya vijiweni inanikera. Jamaa anatoa gari gereji, throto imefunguliwa na kusafishwa, anapiga raundi moja mtaani, anarudi meno yote nje: "Fundi mkali! Mafuta laini, ukigusa tu linaondoka!" Basi kila mtu anaomba namba ya fundi. Hakuna anayeuliza ulaini umetoka wapi.

Mwezi uliopita niliinua boneti ya mmoja wa hao. Kwenye shafti ya throto kulikuwa na springi moja tu. Mahali pa ya pili pamefungwa kipande cha tyubu ya baiskeli, na fundo juu! Tukarudi wote gereji. Fundi hata haya hakuona: "Hiyo ya ndani haina kazi, mbona gari linatembea?"

Linatembea, ndiyo. Kwani nani alilalamika halitembei? Kazi ya springi ni kulifanya liache kukimbia pale unapotoa mguu.

Ukikanyaga, kebo inavuta mkono wa throto, shafti inazunguka, kile kisahani cha duara wanachokiita kipepeo kinafunguka na hewa inaingia kwenye injini. Ukitoa mguu, kebo haiwezi kusukuma kitu, maana ni waya. Kinachofunga mlango ni springi peke yake. Ndiyo maana watengenezaji wanaweka zaidi ya moja. Marekani wana kiwango cha usalama namba 124, kilichoanza kwa magari yaliyotengenezwa kuanzia Septemba 1973. Kinataka nguvu mbili za kurudisha throto, ili moja ikikatika nyingine ifanye kazi. Tena kwa gari lisilozidi kilo 4,536 throto irudi ndani ya sekunde 1. Kwa hiyo ile ya pili siyo pambo, ni spea tairi ya mguu wako.

Sasa ukiwa unafungua mwenyewe, au umekaa kwenye benchi unamwangalia fundi, fuata haya.

Kwanza, hesabu kabla ya kugusa. Throto nyingine zina springi moja ndani ya nyingine, nyingine zina moja kila upande wa shafti, na kwa magari mengine ya pili iko kwenye pedali. Piga picha kwa simu pande zote. Chukua rangi ya kucha ya dada yako, weka alama pale ncha ya springi inapokaa kwenye mkono na pale inapokaa kwenye bodi. Mara nyingi kuna bushi ya plastiki katikati. Hiyo nayo ina kazi yake, inazuia springi zisisagane.

Pili, vaa miwani. Springi ile imesokotwa hata kipepeo kikiwa kimefungwa. Ukiiachia ovyo inaruka, na jicho halina spea Gerezani.

Tatu, kama huna sababu ya kutoa kipepeo, kiache. Skrubu zake ndogo kiwandani wanazitanua ncha zisifunguke. Ukizitoa, weka mpya na gundi ya kushika skrubu, maana moja ikidondoka inamezwa na injini. Kipepeo nacho kina upande wake, kingo zimekatwa mshazari. Kirudishe kama kilivyokuwa, kifunge kwanza kikae katikati, ndipo ukaze.

Nne, hapa ndipo wengi wanapochemsha. Springi hairudishwi ikiwa imelegea. Ingiza ncha moja kwenye bodi, nyingine kwenye mkono, kisha zungusha mkono dhidi ya springi mpaka uvuke kizuizi chake na alama zako zikutane. Ule msokoto wa mwanzo ndio unaofunga throto ile milimita ya mwisho. Ukiurukia, throto itarudi karibu na mwisho halafu itagoma, na sailensa itakuwa juu. Fundi atakimbilia skrubu ya kizuizi, ambayo iliwekwa kiwandani na haikuwa na kosa lolote.

Usikunje ncha kwa plaizi, wala usivute springi ili "ipate nguvu". Chuma kilichokunjwa upya hukatika pale pale. Ikiwa imekatika au ina kutu, mara nyingi hutaikuta ikiuzwa peke yake. Tafuta throto nzima ya used ya injini ile ile. Mpira wa tyubu usahau. Joto la boneti na mvuke wa petroli vinaukausha, siku moja unakatika bila hodi.

Tano, majaribio, kabla ya kuwasha. Fungua throto kwa mkono mpaka mwisho, achia. Unataka kusikia "tak!" Rudia ukiachia nusu, halafu robo. Kisha chomoa springi moja, jaribu; irudishe, chomoa nyingine, jaribu. Kila moja ifunge yenyewe. Ukishafunga kebo, rudia kwa kukanyaga pedali injini ikiwa imezimwa, na hakikisha kapeti haligusi pedali. Hapo ndipo uwashe. Kazi yote hiyo haifiki dakika 10.

Na kama umeshakwama barabarani, throto imeng'ang'ania wazi? Kanyaga breki mara moja, kwa nguvu, usiachie. Usipampu, kwa sababu throto ikiwa wazi busta ya breki haipati mvuto wa kutosha na kila pampu inamaliza uliobaki. Tia nyutro. Injini italia kama imechinjwa, iache ilie. Toka pembeni, simama, ndipo uzime. Usichomoe ufunguo gari likiwa linatembea, usukani utajifunga.

Najua wengine mtasema mshikaji umezidi woga, mafundi wetu wamefufua magari yaliyokufa mara tatu. Kweli, na mimi nawavulia kofia. Lakini fundi mzuri hukasiriki ukimhesabia springi, na yeye hakasiriki. Atakayekasirika, huyo ndiye wa kumhesabia mara mbili. Siku ya kuchukua gari mwambie: "Bro, fungua boneti, tusikie inavyorudi." Ikisema "tak!", mlipe chake na umwongezee ya soda. Pedali ikiwa nzito kidogo kuliko ya jirani, shukuru. Ule uzito ndio unaokurudisha nyumbani.

Wiki ijayo Mungu akipenda, tutakutana hapa hapa. Endesheni taratibu.