Mashine Imemfuta Babu

Mwezi uliopita nilikuwa nyumbani, Binza, Simiyu. Mdogo wangu, binti wa mama mdogo, alikuwa anamalizia tasnifu ya uzamili kuhusu nyimbo za ngoma za Wagika na Wagalu. Alikuwa amezunguka vijijini miezi kadhaa akirekodi wazee kwa simu. Siku hiyo akabofya kitufe kimoja, programu ya kupanga marejeo ikamtolea orodha ndefu, imenyooka, kila nukta mahali pake. Akaisoma, akairudia, kisha akaniita: "Kaka, njoo uone. Babu hayumo."

Babu ni manju. Nyimbo zake ndizo zilizobeba sura mbili za tasnifu hiyo. Ndani ya matini ametajwa mara nyingi, lakini kwenye orodha hayupo. Programu haikukosea hata kidogo, ilitii tu. Mtindo wa APA, ambao vyuo vingi vinautumia, unayahesabu mazungumzo ya namna hii kuwa mawasiliano binafsi: unayataja ndani ya matini, huyaweki kwenye marejeo. Sababu yake ni kwamba msomaji hawezi kuyafikia. Sawa. Lakini kitabu chenye nakala moja kwenye maktaba ya London, ambacho mtu wa Binza hatakiona maisha yake yote, kinaingia orodhani bila swali. Babu yupo hapa, unamfikia kwa bodaboda.

Basi tukaanza kuisoma orodha yote kwa jicho baya. Shaaban Robert amekuwa "Robert, S." Robert ni jina la baba yake, na mwenyewe aliwahi kujiandika Shaaban bin Robert. Kwa hiyo mwandishi wetu mkubwa tunamtaja kwa jina la mzee wake, na lake tunaliachia herufi moja. Muyaka bin Haji kawa "Haji, M. B.", eti "bin" nayo ni jina la kufupishwa. Mwana Kupona binti Mshamu kageuka "Mshamu, M. K. B.", na ukiulizwa huyo ni nani, huwezi kujibu hata kama utendi wake umeusoma shuleni. Katikati ya sentensi za Kiswahili kumejaa "and", "et al." na "n.d."

Lililoniuma zaidi ni Aniceti Kitereza. Orodha inasema "Kitereza, A. (1980)". Mzee wa Ukerewe alikamilisha riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, akasubiri miaka 35, na hatimaye ikatoka kwa Kiswahili alichokitafsiri mwenyewe. Mwaka uliofuata akafariki. Ukimwandika 1980 peke yake, unamweka kwenye foleni nyuma ya Euphrase Kezilahabi na wenzake, wakati yeye alikuwa ameshaandika kabla hata Kezilahabi hajatambaa, kwani alizaliwa 1944. Mwanafunzi anayejifunza historia ya riwaya kwa kuangalia miaka ya kwenye mabano anadanganywa, na anayemdanganya ni kiolezo.

Najua watakaosema ninakuza mambo. Watasema hii ni kanuni ya kimataifa, tasnifu isipofuata itarudishwa, na marejeo ni ufundi tu, fasihi ni kitu kingine. Sisi wapenzi wa fasihi tunagombana usiku kucha kama shairi lisilo na vina ni shairi. Lakini swali la nani anaitwa mwandishi, kwa jina lipi na tangu lini, tumemwachia mtu aliyetengeneza faili mahali asikojua kama kuna Ukerewe.

Na hiyo kimataifa yenyewe haiko kama tunavyohubiriwa. Waaislandi hupanga majina yao kwa jina la kwanza, kwa sababu la pili ni la baba, kama letu, na kama "ng'wana" ya Kisukuma. Violezo vinavyotumiwa na Zotero na Mendeley, vinavyoandikwa kwa lugha ya CSL, vina mafaili ya msamiati ya lugha mbalimbali: Kiafrikana kina lake, Kibaski kina lake, Kiwelshi kina lake. Hayakushuka kutoka mbinguni. Watu walikaa wakaandika neno la "mhariri" kwa lugha yao. Huko Kanada, mwaka 2021, mkutubi Lorisia MacLeod alichapisha violezo vya kuwarejelea wazee wa jamii za asili, kwa sababu hakukubali waitwe mawasiliano binafsi. Mzee anaandikwa jina lake, jamii yake, anapoishi, alichozungumza na tarehe.

Sisi tulitumia jioni mbili. Kiolezo ni faili la maandishi, unalifungua hata kwa programu ya kuandikia ya kawaida. Tulinakili kile cha APA, tukakipa jina jipya ili cha zamani kisiharibike. Ndani yake tukaongeza sehemu ya msamiati: "na" badala ya "and", "na wenzake" badala ya "et al.", "mh." kwa mhariri, "h.t." kwa kisicho na tarehe. Tukaagiza mwaka wa kuandikwa utokee kando ya mwaka wa kuchapishwa, na Kitereza akawa 1945/1980. Wazee tukawahamishia kwenye aina ya mahojiano na kuipangia mstari kwa mfano wa MacLeod. Majina ya Shaaban Robert, Muyaka na Mwana Kupona hayakuhitaji hata kugusa kiolezo: ukiliandika jina zima kwenye kisanduku kimoja badala ya viwili, programu hailipindui wala kulifupisha. Jarida la nje likitaka vingine, unarudisha kiolezo cha zamani na visanduku viwili. Hakuna kinachopotea.

Mimi ni mwandishi wa habari, si fundi wa kompyuta. Kama niliweza, idara ya Kiswahili yenye wahadhiri na wakutubi inashindwaje? Kila mwaka wanafunzi wanaandika kwa Kiswahili na kufunga kazi zao kwa orodha ya Kiingereza. Hata vifupisho hatujakubaliana, huyu "mh.", yule "mhr." BAKITA, TATAKI na wachapishaji wetu wangeweza kukaa meza moja, wakatoa kiolezo kimoja cha Kiswahili, bure, kila mwanafunzi akakipakua. Ni kazi ya wiki chache, na haihitaji mfadhili.

Mdogo wangu ameshakabidhi. Msimamizi wake ameuliza kiolezo hiki amekitoa wapi na nani amekiidhinisha. Anaweza kukikataa, na binti atalazimika kubofya tena kitufe kile cha kwanza. Nimemwambia ajibu kwa maandishi, kwa adabu, na aulize naye: ule wa kwanza, hapa kwetu, nani aliuidhinisha?

Nawe unayesoma hapa, fungua orodha ya marejeo ya kazi yako ya mwisho. Mtafute mtu aliyekufundisha zaidi kuliko vitabu vyote. Kama hayumo, usiseme ni kompyuta.